Mama amepata kiharusi, majina ya vitu hayamtoki: tumsemeshe Luganda au Kiswahili?

BintiFundi (Jinja):

Habari zenu wana jukwaa. Naandika kutoka Walukuba, Jinja. Nitaeleza kwa urefu, maana nikifupisha mtaniambia "subirini, atapona", na hilo tumeshaambiwa na kila aliyekuja kumjulia hali.

Mama yangu ni fundi cherehani. Kazaliwa upande wa Mukono, kwa hiyo lugha yake ya kwanza ni Luganda. Akaolewa na marehemu baba, mtu wa Tanga aliyekuja huku na reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wenzake wengi walirudi makwao, yeye akabaki. Kwa hiyo sisi nyumbani ni Kiswahili tangu tumezaliwa, na Walukuba yenyewe mnaijua, watu wa kila kabila wamejaa, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Luganda mama alikitumia na dada zake, na baadhi ya wateja, na akikasirika. Ukisikia mama kahamia Luganda, ujue kuna mtoto kavunja kitu. Kiingereza chake ni cha futi na inchi, basi.

Kiharusi kilimpata mwezi wa Ramadhani, baada ya futari. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakakatika palepale. Sasa mkono umerudi kiasi, anashika kikombe, anatembea na fimbo hadi barazani. Kinachotutesa ni maneno. Kuelewa anaelewa. Mwambie "mama, nipe hiyo pasi", anakupa. Mkipiga soga anacheka pale panapochekesha, hachelewi. Lakini shika pasi hiyohiyo umwulize hii ni nini, hapo ndipo kazi.

Wiki hii nilimwekea mezani kikapu chake cha kazi, nikawa natoa kitu kimoja kimoja. Cherehani iko palepale pembeni, nikaigusa: "cherehani", bila taabu. Uzi: "uzi". Pasi, sawa. Mkasi akasita kidogo, akasema "makansi", ambayo ni Luganda, halafu mwenyewe akajirudi: "mkasi". Nikafurahi, nikasema leo tumefungua.

Nikampa sindano. Akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuzia dirishani atafute tundu, akafanya kama anatunga uzi. Jina halikuja. "Ile... ya kuchoma... ya... uzi." Nikamwambia si uzi, mama. "Najua si uzi!" Hiyo ilitoka nzima, kwa hasira, haikukatika hata kidogo. Kisha akaanza "kiri... kiri...", yaani "kile" kwa Luganda, akaiweka mezani, akageuza uso. Nikaacha. Mchana tunakula posho na maharage, mimi nimeshasahau mambo ya kikapu, akainua kichwa akasema "empiso!" kama mtu anayedai deni lake.

Kifungo ndiyo kabisa. Hakikuja kwa Kiswahili, hakikuja kwa Luganda. Kila akijaribu anashika kifungo cha gauni lake na kukivuta, anajua ni kile.

Sasa nyumbani kumekuwa na mvutano. Kaka yangu anayeishi Kampala anasema Kiswahili kinamchanganya mama, tumsemeshe Luganda peke yake kwa sababu ndiyo aliyonyonya. Mama mkubwa, dada yake mama, anamuunga mkono, tena anaongeza kwamba Kiswahili ni cha wanajeshi, kama wengi wanavyokiona huku Uganda. Mimi ndiye ninayekaa naye mchana kutwa, na naona mengi yanayomtoka yanatoka kwa Kiswahili. Halafu kuna jambo la Fatiha. Anaisoma yote, mwanzo mwisho, hakwami. Mama mkubwa anasema unaona, Kiarabu kimebaki kizima. Kiarabu! Mama hajawahi kununua hata nyanya kwa Kiarabu.

Huko tulikompeleka (sitapataja) walimpima kwa picha, kwa Kiingereza. Nilikaa pembeni nikaangalia. Picha moja ni nyumba ya barafu, nyingine ni mnyama fulani wa mtoni mwenye mkia bapa ambaye hata mimi simjui. Karatasi ikaandikwa "upungufu mkubwa sana wa kutaja majina". Na mmoja wa wauguzi alipomsikia mama akinijibu Kiswahili akaniuliza kama alikuwa jeshini.

Naomba anayejua anisaidie. Lugha mbili zinamdhuru kweli? Kwa nini cherehani inakuja na sindano haiji, na zote kazishika miaka yote? Na hiyo Fatiha ina maana gani?

NesiMstaafu (Mbale):

Pole sana binti, na umpe mama pole zangu. Kabla hujahesabu maneno anayokosa, angalia mambo matatu ya kawaida ambayo watu huyaruka. Je, ana miwani na anaivaa mnapofanya mazoezi? Fundi wa umri wake bila miwani haoni sindano vizuri, utadhani jina limepotea kumbe hata chenyewe hakioni. Pili, mazoezi yafanyike asubuhi akiwa hajachoka. Jioni hata mimi majina ya wajukuu yananipotea. Tatu, presha ipimwe na dawa zisikatishwe hata siku moja kwa sababu "sasa anaendelea vizuri". Kiharusi cha pili huja hivyo.

Na msimjibie. Wageni wana tabia ya kumalizia mgonjwa sentensi. Mpeni muda, hata kama kimya kinawachoma.

MtuWaBombo:

Mimi kidogo niko na kaka yako, ila si kwa sababu yake. Baba yangu mdogo alikuwa mwanajeshi, kwetu ni Wanubi. Nyumbani Kinubi, kambini Kiswahili, mtaani Luganda. Alipopata kiharusi kila mgeni aliingia na lugha yake. Huyu anamwuliza kwa Kinubi, yule anarudia kwa Luganda kwa sauti ya juu kama kwamba mzee ni kiziwi, mwingine anatafsiri. Mzee akawa anafumba macho tu. Tukakubaliana: chumbani mwake Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kinamtoka. Akatulia, akaanza kujibu. Sisemi iwe Luganda. Nasema chagueni moja.

Na kuhusu mambo ya lugha ya wanajeshi, mwambie mama mkubwa baraza la mawaziri lilishakubali Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Wajukuu zake watamzungumzisha hichohicho.

TibaYaUsemi (Kampala):

Dada wa Jinja, asante kwa kutueleza kikapu chote badala ya kusema tu "hawezi kuongea". Hii ndiyo kazi yangu kila siku, na kikapu chako kimenieleza zaidi ya ile karatasi.

Tatizo la mama ni afasia, yaani lugha kuharibika kwa sababu ubongo umeumia. Kwa watu wengi lugha hukaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono wa kulia, ndiyo maana vyote viwili vilipotea usiku mmoja. Afasia ina sura nyingi, lakini kukwama kwenye majina ya vitu kunapatikana karibu katika kila aina. Akili iko palepale, na mama anajua kila kinachoendelea, pamoja na hayo mnayobishana juu yake akiwa chumbani. Jihadharini.

Tazama sindano yenyewe. Ili utaje jina la kitu, kwanza unakiona na kukitambua, pili unapata maana yake, tatu unapata neno, nne unapanga sauti za lile neno mpaka mdomoni. Mama aliishika sindano kifundi, akatafuta tundu: hatua ya kwanza na ya pili ziko salama. "Ya kuchoma, ya uzi" ni maana inayotafuta neno. Aliposema "uzi" alikuwa amegonga nyumba ya jirani. Na "empiso" ilipokuja mezani ilithibitisha kwamba neno limo, njia tu ndiyo imeziba. Hilo ni jambo jema sana kwa matibabu, kwa sababu njia hufanyiwa kazi.

Sasa cherehani. Hebu soma orodha yako tena kwa Luganda. Cherehani ni ekyalaani, uzi ni wuzi, pasi ni ppaasi, mkasi ni makansi. Majina yanayofanana katika lugha zote mbili huvutana. Ukiamsha moja, la pili linalisukuma. Lakini sindano na empiso hazina undugu wowote wa sauti, kadhalika kifungo na eppeesa. Kule Kanada mwaka 1999 walichapisha utafiti juu ya watu wenye afasia wanaozungumza Kifaransa na Kiingereza, wakakuta hilihili: majina yanayofanana katika lugha mbili yalitajwa kwa urahisi kuliko yasiyofanana. Ila kikapu kimoja hakitoshi kuhukumu, kwa sababu neno analolitumia mtu mara nyingi nalo huja haraka, na cherehani kwake ni neno la kila saa. Jaribu jikoni. Sahani, kijiko, meza na sabuni zote zina ndugu zao katika Luganda: essowaani, ekijiiko, emmeeza, ssabbuuni. Kisu (akambe), chumvi (omunnyo) na mlango (oluggi) hazina. Uone kama mstari ni uleule. Ukiwa uleule, unajua ni maneno gani ya kuyafanyia kazi zaidi.

Nije kwa kaka. Alichosema si cha kubuni, kina historia. Ribot, Mfaransa, aliandika mwaka 1881 kwamba kilichoingia kwanza kichwani ndicho kinachoshikilia mwisho, na watu wakalitumia hilo kusema lugha ya mama ndiyo hurudi kwanza. Lakini mwaka 1895 Mfaransa mwingine, daktari Pitres wa Bordeaux, aliandika juu ya wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja akasema hapana, mara nyingi hutangulia lugha ambayo mtu aliizoea zaidi alipougua. Kwa mama yako hiyo ni Kiswahili cha nyumba yake. Baadaye Michel Paradis, mtafiti wa Montreal, akakusanya visa vingi, na picha iliyotoka ni kwamba kwa wengi lugha zote hurudi pamoja, kwa kadiri zilivyokuwa kabla, na kwa wengine moja hutangulia nyingine. Wapo hata wa ajabu. Yeye na wenzake walieleza mwaka 1982 kisa cha mtawa mmoja Moroko, mzungumzaji wa Kifaransa na Kiarabu: siku fulani Kiarabu kinatoka Kifaransa kimekwama, siku nyingine kinyume chake. Kwa hiyo huwezi kukaa Kampala ukaamua lugha gani itarudi. Unamtazama mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu "Kiswahili kinamchanganya". Mtu wa lugha mbili akitaka kutaja kitu, majina ya pande zote mbili huamka. Ubongo mzima hulizuia moja bila wewe kujua. Baada ya kiharusi kile kizuizi chaweza kulegea, ndipo "makansi" inateleza katikati ya Kiswahili. Mkiacha kumsemesha Kiswahili hamtakitoa kichwani mwake. Mtakachofanya ni kumnyima nusu ya maneno aliyonayo. Tena Swathi Kiran na Lisa Edmonds huko Marekani walifanya mazoezi ya majina na wagonjwa wa Kihispania na Kiingereza, na kwa baadhi yao neno lililofanyiwa mazoezi katika lugha moja liliamsha mwenzake katika lugha ya pili bila kufundishwa. Kwa baadhi, si kwa wote, na sitaki mtarajie muujiza. Lakini inatosha kumwonyesha kaka kwamba lugha ya pili si adui.

Ndugu yetu wa Bombo naye yuko sawa, ila alichoona yeye ni fujo ya watu. Watu watano kwa lugha tatu ndani ya chumba kimoja watamchosha hata mzima. Mazungumzo mamoja yaende kwa lugha moja, na mwenye kuichagua awe mama. Akianza Kiswahili, mjibuni Kiswahili. Dada yake akija wakaanza Luganda, waendelee na Luganda. Na neno likija kwa lugha yoyote ni neno. "Empiso" ni jibu sahihi kabisa. Usimwambie "haya, sasa kwa Kiswahili".

Fatiha: maneno yaliyokaririwa kwa miaka hutoka kwa mnyororo, kama kuhesabu moja hadi kumi, siku za wiki, salamu. Hupita njia tofauti na ile ya kutafuta jina la kitu. Mwambie mama mkubwa amwulize sindano kwa Kiarabu, aone. Maneno ya hasira nayo yako kundi hilo. Yule mgonjwa maarufu wa daktari Broca kule Paris mwaka 1861 alibaki na silabi moja tu, "tan", lakini akikasirika sana alitoa kiapo kizima. "Najua si uzi!" ni ya ukoo huo. Tumia Fatiha kama njia ya kupasha sauti moto kabla ya mazoezi, itampa moyo pia. Kipimo cha lugha isiwe.

Kuhusu picha za nyumba ya barafu na mnyama wa mkia bapa, nadhani nazijua. Kuna jaribio la picha 60 lililochapishwa Marekani mwaka 1983, lina vitu hivyo hasa, na lilitungwa kwa Wamarekani wanaozungumza Kiingereza. Kumpima nalo mwanamke wa Mukono ni kupima kama amewahi kuona theluji. Paradis alitoa mwaka 1987 jaribio la afasia kwa watu wa lugha nyingi, ambalo msingi wake ni kwamba kila lugha ipimwe peke yake, na vitu vinavyotajwa vibadilishwe kulingana na wenyeji, visitafsiriwe tu. Hata kama hampati jaribio hilo, ombeni mama apimwe Luganda siku moja na Kiswahili siku nyingine, kwa vitu anavyovijua. Makerere wanafundisha shahada ya tiba ya usemi na lugha tangu 2008, kwa hiyo wataalamu waliosoma hapahapa wapo, ingawa ni wachache na wengi wako Kampala.

Kwa nyumbani, fanya hivi na sindano. Usimwulize "hii ni nini?" kwanza, hilo ni swali la mtihani. Mwulize inafanya kazi gani. Inakaa wapi. Inaenda na nini. Imetengenezwa kwa nini, ina umbo gani. Ajibu anavyoweza, hata kwa mkono. Mara nyingi jina hujitokeza katikati ya hayo. Lisipokuja, msaidie na sauti ya mwanzo. Lisipokuja tena, liseme wewe, yeye arudie, mwendelee na kingine. Msikae juu ya neno moja hadi machozi.

BintiFundi (Jinja):

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimemsomea kaka kwa simu sehemu ya Ribot na yule wa Bordeaux. Amesema "kumbe nilikuwa na hoja", akanyamaza pale pa kuzoea. Kwa kaka yangu huo ni ushindi mkubwa.

Miwani: Nesi, ilikuwa ndani ya droo tangu atoke hospitali. Sasa anaivaa.

Jikoni nimejaribu. Sahani, meza, sabuni zote zimekuja. Kijiko kilichelewa lakini kimekuja. Chumvi alisema "sukari", akatikisa kichwa, akaonja kwa kidole, akakunja uso kunionyesha. Kisu akasema kwa Luganda. Mlango hakupata, akaenda akaufunga.

Lakini lile la sauti ya mwanzo limetushinda kwenye kifungo. Nikamwambia "ki..." Akasema "kiti". Nikasema hapana mama, "ki...". "Kikombe." "Kikapu." Tukaishia kucheka wote wawili, mama mpaka akashika ubavu, na vifungo vyenyewe vikaanguka chini ya cherehani. Nikahamia Luganda, nikampa "e...". Akaniangalia tu. Nakosea wapi?

Na kaka sasa amegeuka upande mwingine kabisa. Anataka tumlete mwalimu afanye naye mazoezi asubuhi na jioni, kila siku, ili tusipoteze wakati.

MtuWaBombo:

Hahaha, mama kakupa vyombo vya nyumba nzima. Hongereni.

TibaYaUsemi (Kampala):

Hujakosea, dada. Hilo linatukuta sote tunaofanya kazi hii na lugha zetu. Mbinu ya sauti ya mwanzo iliandikwa kwa lugha ambazo sauti ya mwanzo inatofautisha neno. Kwetu "ki-" ni mlango wa maneno yasiyo na hesabu, haimwambii mama kitu. "M-" ni hivyohivyo. Na katika Luganda ile "e" au "o" ya mbele iko karibu kwenye kila jina, ndiyo maana alikuangalia tu. Vuka kiambishi, ingia kwenye shina. Mpe "kifu...". Kwa Luganda anza na "ppe...". Sindano ni rahisi zaidi, "si..." inatosha kwa kuwa haina kiambishi mbele. Unaweza pia kumpa sentensi akaimalizia: "Shati limekatika..." na unyamaze. Wateja walishamwambia sentensi hiyo mara nyingi sana, itavuta neno lake.

Hayo aliyokupa, kiti, kikombe, kikapu, usiyahesabu kama makosa. Ulimwomba maneno ya "ki-" naye akakutolea ya "ki-" mfululizo. Miezi michache nyuma angeweza?

"Sukari" kwa chumvi ni jirani tena, sawa na uzi kwa sindano. Kuonja kwa kidole ndiyo njia yake ya kukuambia kwamba maana iko. Nyinyi msimcheke hapo, mwambie "ndiyo, hiyo", kisha mtaje jina pamoja.

Kuhusu kaka: bidii yake nzuri, kipimo hapana. Shirika la Cochrane mwaka 2016 lilikusanya majaribio 57 ya tiba ya usemi baada ya kiharusi. Tiba inasaidia, na mazoezi mengi yana faida, lakini pale yalipokuwa mazito watu waliacha kwa wingi zaidi. Kwa mtu wa umri wa mama, anayechoka mapema, vipindi vifupi mara nyingi ndani ya siku ni bora kuliko darasa la asubuhi na jioni. Mwalimu wa kukodi asiyejua afasia atamfanyia mtihani, mama atafunga mdomo. Hiyo pesa kaka aitumie kumleta Kampala apimwe vizuri kwa lugha zake mbili, halafu mrudi na mpango wa kufanyia nyumbani. Wala asihofu kwamba dirisha limefungwa. Ni kweli miezi ya mwanzo ndiyo mwendo huwa wa kasi, lakini majina yanaendelea kurudi kwa mazoezi hata muda mrefu baada ya hapo.

NesiMstaafu (Mbale):

Naongeza moja. Wajukuu wasikasirike akiwaita majina ya wenzao. Majina ya watu ni magumu kuliko ya vitu, kwa sababu hayana maelezo ya kushikia. Kijiko unaweza kusema ni cha kulia, lakini mtoto utasema ni cha nini?

BintiFundi (Jinja):

"Shati limekatika..." nimeijaribu sasa hivi. Kakaa, kakaa, kisha: "...eppeesa." Kwa Luganda, katikati ya sentensi yangu ya Kiswahili! Nimeichukua hivyohivyo, sikumwomba nyingine.

Swali la mwisho kisha niwaache mpumzike. Wateja wake wa zamani wanauliza kama wanaweza kuja kukaa naye barazani. Wengine ni Wasoga, wengine ni watu wa Kenya, kuna mama mmoja wa Kinubi. Niwakatalie?

TibaYaUsemi (Kampala):

Waje. Hao ndio watakaomwambia "kifungo kimekatika" bila kujua kwamba ni mazoezi. Ila aje mmoja kwa wakati, akae upande ambao mama anamwona usoni, na redio izimwe. Mwambie kila mmoja aje na nguo ya kweli yenye kasoro ya kweli, iwekwe mapajani mwa mama, wazungumzie hiyo kwa lugha wanayozungumza siku zote. Aliyezoea kumsemesha Luganda asibadili, wa Kiswahili naye asibadili. Na wewe kaa pembeni na daftari, andika tu neno na lugha lililokuja nayo, uje nalo Kampala.